Ruzuku za Njia za Miguu na Baiskeli Babati: Ipi Muombe, Ipi Muiache

Tusipotezeane muda: Tanzania haina mfuko maalumu wa serikali wa kujenga njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kwa kulinganisha, Uingereza ilitenga pauni milioni 250 za dharura kwa kazi hiyo tu mwaka 2020. Kwa hiyo mtaa wa kata ya Bagara au Maisaka, hapa Babati, ukitaka njia ya miguu, lazima ubishe hodi kwenye mifuko iliyoanzishwa kwa shughuli nyingine. Ipo kadhaa, kila mmoja na masharti yake, na hakuna hata mmoja ulio wa bure kabisa.

Kabla ya yote, jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu ya Arusha–Dodoma na ile ya kwenda Singida ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara nyingi za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkijenga ndani ya hifadhi bila kibali cha maandishi, mnaweza kuamriwa kubomoa na hakuna atakayewarudishia saruji yenu. Kibali kitangulie, mchango ufuate.

Mifuko ya kubishia hodi

*Mradi wa miji.* TACTIC, unaoendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unahusu miji 45, Babati ikiwemo. Uzuri wake ni kwamba njia ya miguu, mtaro na taa hulipiwa pamoja na lami. Ubaya wake ni kwamba mtaa hauchagui barabara, na kusubiri ni kwa miaka. Barabara yenu ikiwa kwenye orodha, ombeni kuona michoro mapema na muulize mambo mawili: njia ya miguu ina upana gani, na mtaro una mifuniko? Kuongeza njia baada ya lami kukauka ni ghali, kwa sababu mtavunja kingo na kuhamisha mabomba ya maji.

*Bajeti ya TARURA.* Hii hutegemea sana Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo hata asiye na gari huichangia kupitia nauli na bei ya bidhaa. Msione haya kuomba. Ila ombeni vitu vidogo: kalavati, kivuko, matuta ya kupunguza mwendo. Morogoro na Temeke zilijaribu vivuko vilivyoinuliwa na vidaraja vya waenda kwa miguu tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hamuombi kitu kigeni.

*Mfuko wa Jimbo.* Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009 na kamati yake huongozwa na mbunge. Unafaa kwa kazi ndogo ya kumaliziwa haraka. Mfuko ununue saruji na nondo, wananchi walete mawe, mchanga na nguvu zao. Hizo nguvu nazo zina bei: siku za kibarua zinazopotea, maji ya kuchanganyia zege, mlinzi wa stoo, chakula cha fundi. Andikeni hesabu hiyo kabla hamjakubali.

*Ajira za muda za TASAF.* Zinaweza kuchimba mtaro na kusawazisha njia, lakini ni kwa kaya zilizo kwenye mpango tu. Kama mtaa wenu hauna mradi huo, songeni mbele.

*Asilimia 10 ya halmashauri.* Huu ni mkopo kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, si ruzuku. Wanawake hupata asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kikundi cha vijana kikikopa ili kununua kalibu na kufyatua mifuniko ya kuuza, sawa. Kukopa ili kujenga njia ya mtaa ni kujitafutia deni lisilo na mlipaji.

Pesa ikipatikana, mnunue nini?

Chukueni mfano wa njia ya mita 100, upana mita moja na nusu. Zidisheni vipimo hivi kwa bei za Babati za wiki hii, kisha ongezeni usafiri. Dukani, ulizeni kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake.

*Moramu.* Unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa unahitaji kama mita za ujazo 30 za moramu iliyomwagwa, yaani tipa nne hivi za mita 7. Ndiyo rahisi kuliko zote. Bila mtaro, mvua moja kubwa ya masika huikokota yote hadi bondeni, na kila mwaka mtakuwa mnaanza upya. Gharama iliyojificha ni mashine ya kushindilia: hukodishwa kwa siku, hata mkiitumia saa mbili.

*Vitofali vya pevingi.* Hapa ni vipande 7,500 vya sentimita 20 kwa 10, mchanga wa kulalia mita za ujazo 7 na nusu, na mawe ya ukingo mita 200. Nukuu nyingi za bei husahau ukingo, na bila ukingo vitofali hutembea. Faida yake ni kwamba bomba likipasuka mnavifumua na kuvirudisha. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa miguu na baiskeli; pikipiki zikiegeshwa juu yake, pangeni bajeti ya sentimita 8.

*Zege.* Kwa unene wa sentimita 10 mnahitaji mita za ujazo 15, sawa na mifuko 95 hadi 100 ya saruji. Hudumu kuliko vyote ikimwagiliwa kwa siku saba. Udhaifu wake ni ukarabati: bomba likipasuka chini, mnapasua na zege.

*Mtaro wenye mifuniko.* Mfuniko wa zege na nondo wa sentimita 60 kwa 50, unene 10, una uzito wa kilo 70 na ushee, watu wawili wanaunyanyua. Mita 100 zinataka mifuniko 200 na saruji mifuko 50 hivi, mbali na kuta za mtaro. Mnapata njia nyembamba na mahali pa maji kwa mpigo mmoja. Achieni tundu la kuunyanyulia, la sivyo atakayezibua taka ataupasua. Kwa baiskeli yenye madumu ya maji pembeni, sentimita 60 hazitoshi. Mwendeshaji wake anahitaji njia ya mita 2 na nusu akipishana na watembea kwa miguu.

Uamuzi

Babati imekaa kati ya Mlima Kwaraa na ziwa, na maji yanayoshuka hayaulizi njia ni ya nani. Mwenye pesa kidogo anunue mtaro na mifuniko kwanza, kwenye kipande kibovu kuliko vyote kati ya makazi na shule au soko. Moramu ifuate pembeni kwa ajili ya baiskeli. Pevingi ziachiwe sehemu zenye watu wengi, kama stendi, na zilipwe na mradi mkubwa.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi lisilo kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa na wa Kamati ya Maendeleo ya Kata halina pa kushikia, hata likiwa na haki namna gani. Pimeni kipande chenu kwa futi kamba, pateni nukuu tatu za maandishi, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa kabla ya mkutano ujao. Ombi lenye vipimo na bei ndilo linaloingia kwenye bajeti.