Wimbi Lisilofifia Ndani ya Silikoni

Silikoni, mpira laini ambao mafundi huutumia kuziba kingo za vioo vya madirisha, haifai kupitishia mawimbi, kwa kuwa mtikisiko unaoingia humo hugeuka joto na kufifia upesi. Hata katika vitu visivyofifisha hivyo kuna mtawanyiko, yaani sehemu za wimbi kusafiri kwa kasi tofauti hadi umbo lake lisambaratike. Dawa ya kasoro hizo imepatikana katika metamateria, vitu ambavyo tabia zake hutokana na mpangilio wa vijisehemu vyake kuliko malighafi yenyewe, na ambavyo vinaweza kuundwa visifuate uwiano, maana msukumo ukizidishwa mara mbili, mwitiko wake si lazima uwe mara mbili.

Wimbi lisilosambaratika lilionekana kwanza majini. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell aliliona tuta la maji likiiacha mashua iliyosimama ghafla katika mfereji karibu na Edinburgh, akalifuata kwa farasi huku likihifadhi umbo lake. Wimbi la namna hiyo, ambalo tangu 1965 huitwa solitoni, hudumu kwa sababu kutofuata uwiano hulisimamisha wima kwa kadiri ileile ambayo mtawanyiko hulitandaza.

Solitoni peke yake, hata hivyo, haiponi ndani ya silikoni, kwa kuwa ulaini bado huila nishati yake. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo Jordan Raney na Katia Bertoldi wa Harvard, Marekani, walichapa kwa printa ya pande tatu mnyororo wa vijiti vya silikoni vilivyoinama, kila jozi ikiwa na mikao miwili ya utulivu, kama klipu ya nywele inayobofya ikipinda huku na kule. Jozi zote zilitegwa kwanza katika mkao wenye nishati nyingi. Ya kwanza iliposukumwa vya kutosha ilifyatuka, nishati yake ikafidia ile inayopotea na kuifyatua inayofuata, hivyo ishara ikafika mwisho wa mnyororo kwa kasi ileile. Kwa kubadili nafasi kati ya kuta zinazovishikilia vijiti hivyo, walipata hata milango ya mantiki, ile inayofanya hesabu katika kompyuta, bila waya wala betri.

Isidhaniwe kwamba nishati hiyo ni ya bure: ishara ikishapita, kila jozi sharti itegwe upya kabla ya nyingine kutumwa.