Zaburi ya 88 na haki ya kumlalamikia Mungu

Waulize waumini wanaotoka ibadani sala ni nini, na wengi watakujibu kwamba ni kumshukuru Mungu na kumwomba mahitaji yetu. Jibu si baya, ila limepungua. Kitabu cha Zaburi, ambacho Wayahudi na Wakristo wamesali nacho kwa karne nyingi, kina zaburi 150, na takribani theluthi moja ni malalamiko. Tena si malalamiko ya kunong’ona. Mwombaji anamuuliza Mungu atamsahau hadi lini, anamwambia aamke, anadai maelezo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa Agano la Kale kutoka Ujerumani, Hermann Gunkel, alionesha kwamba zaburi za namna hii zina mwendo wake. Mtu humwita Mungu, humweleza yaliyomsibu, huomba aokolewe. Kisha, mara nyingi kwa ghafla, anaanza kusifu kana kwamba keshajibiwa. Zaburi ya 13 hufanya yote hayo katika aya sita tu. Wapo waliodhani kwamba katikati ya sala kuhani wa hekalu alitamka neno la faraja ambalo halikuandikwa. Dhana inavutia, ila sioni kama inahitajika. Aliyewahi kumlilia mtu anayemwamini anajua kwamba kusema kwenyewe humtua mtu mzigo.

Zaburi ya 88 haigeuki hivyo. Imepewa jina la Hemani Mwezrahi, na inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu. Basi, nuru yote imeishia hapo. Yanayofuata ni kaburi, marafiki waliojitenga na kilio cha usiku na mchana, na neno la mwisho ni giza. Hakuna shukrani wala nadhiri. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiacha nje, lakini waliiingiza jinsi ilivyo. Katika Liturujia ya Vipindi, yaani sala za Kanisa Katoliki za saa mbalimbali za siku, husaliwa Ijumaa usiku kabla ya kulala.

Hapo ndipo yanapokwama mafundisho tunayoyasikia kwenye mikesha mingi, kwamba sala isiyojibiwa ni dalili ya imani haba. Mama aliyezika mtoto huambiwa hakuomba vya kutosha, au hakufunga ipasavyo. Lakini Gethsemane Yesu aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba msalabani alilia kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22, nayo ni zaburi ya malalamiko. Atakayesema Yesu alipungukiwa imani ajiandae kujieleza.

Kama ni hivyo, kuomba kuna faida gani? Suala la sala lilimhangaisha pia Proba, mjane tajiri wa Roma aliyekimbilia Afrika Kaskazini baada ya mji wake kutekwa mwaka 410. Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia barua ndefu. Kwa ufupi, alimweleza kwamba Mungu hasubiri kupashwa habari zetu. Sala huikuza shauku yetu hadi tuweze kukipokea anachotaka kutupa. Katika barua hiyohiyo aliwasifu watawa wa Misri kwa sala zao fupi za mara kwa mara, zinazotoka kabla mawazo hayajatangatanga. Kwa mtu aliyebanwa kwenye daladala asubuhi, hilo linawezekana.

Kuna pia sala ambayo mtu hajichagulii. Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6 inataka watawa wamalize zaburi zote 150 kila wiki. Kwa hiyo mtawa aliyeamka na furaha atakuta zamu ni ya zaburi ya kilio, naye ataiimba, maana yupo anayelia mahali fulani. Wabenedikto walileta desturi hiyo ya kusali zaburi kwa zamu hadi Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumbani kwa wafiwa zingeweza kuijaribu: badala ya kukimbilia pambio la furaha, wasome Zaburi ya 88 yote na wasimhimize mfiwa atabasamu.

Ugumu mkubwa uko kwenye zaburi za laana. Liturujia ya Vipindi ilipofanyiwa marekebisho baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Zaburi za 58, 83 na 109 ziliondolewa kabisa. Naelewa sababu, kumwombea mtu watoto wake wawe yatima kunatisha, na Yesu aliagiza tuwaombee adui zetu. Hata hivyo naona zilistahili kubaki. Mjane aliyenyang’anywa shamba na shemeji zake hasira anayo tayari, tusome au tusisome. Zaburi ya 109 inamruhusu aimwage yote mbele ya Mungu na kumwachia Yeye hukumu, na panga libaki ndani.