Umbo la Swali na Jibu la Kijana: Mfano wa Mwanza

Wakusanyaji wa habari hudhani mara nyingi kuwa jibu limo tayari moyoni mwa mjibuji, nalo swali ni ndoo tu ya kulitekea. Uchunguzi ulioanza mwaka 1998 katika vijiji vya Mwanza, kwa ajili ya mpango wa MEMA kwa Vijana, waonyesha kuwa sivyo.

Vijana 9,280 walipimwa na kuulizwa ana kwa ana, pamoja na mambo mengine, kama wamewahi kujamiiana. Na vijana 6,079 walijaza hojaji wenyewe kwa kusaidiwa. Kati ya waliokiri mwaka ule, asilimia 38 ya wavulana na 59 ya wasichana walikiri katika hojaji moja tu kati ya hizo mbili. Baadaye wasichana sita waliokuwa na ugonjwa wa zinaa walihojiwa kwa mazungumzo marefu. Katika hojaji zote nne za uchunguzi huo ni mmoja tu aliyekuwa amekiri. Katika mazungumzo walikiri watano. Wasichana ni wale wale, na jambo ni lile lile.

Kuwaita waongo ni haraka isiyofaa. Hofu ilikuwapo, na haikuwa ya bure: msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, desturi iliyoendelea hadi mwaka 2021. Lakini ziko pia sababu za lugha, nazo husahauliwa. (Mifano ifuatayo ni ya Kiswahili kwa jumla, wala haidaiwi kuwa imetoka katika hojaji zile.)

Kijana akiulizwa, "Hujawahi kuwa na mpenzi?" naye akajibu "Ndiyo", amekubali maneno ya muulizaji, yaani ni kweli hajawahi. Karani aliyezoea Kiingereza huandika kuwa amewahi. Jibu limegeuzwa kichwa chini miguu juu, na hapana aliyesema uongo.

Tena kuna adabu. Mwandishi wa hojaji, kwa kuona haya, huandika "tendo la ndoa". Kijana ambaye hajaoa aweza kukana tendo hilo kwa haki kabisa, kwani ndoa hana! Na kwa mtoto wa Kisukuma, Kiswahili cha namna hii ni lugha ya darasani, ambako kila swali lina jibu moja linalompendeza mwalimu. Mtu mzima mwenye karatasi na kalamu hana tofauti kubwa na mwalimu.

Desturi ya kuitafsiri hojaji na kuirudisha tena katika Kiingereza haifichui kasoro hii, kwa sababu mfasiri, naye mtu mzima, hulirudisha "tendo la ndoa" kwa maana ile ile aliyoikusudia mwandishi. Awezaye kuifichua ni kijana wa Magu au Misungwi, akiombwa aeleze kwa Kisukuma jinsi alivyolisikia swali, kabla hojaji haijapigwa chapa.