Mtoto, Mchanga na Mdudu: Mada za Sayansi kwa Madarasa ya Mwanzo

Chini ya upenu wa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mahali ambapo mvua haifiki na vumbi ni kavu na laini, huonekana vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Watu wazima huvipita bila kuvitazama. Watoto hawavipiti. Huchutama, hushika unyasi mwembamba na kuuchezesha taratibu kwenye ukingo, na mara punje za mchanga hurushwa kutoka chini kana kwamba ardhi yenyewe imechokozwa.

Mwenye shimo ni buu wa mdudu ambaye wataalamu humweka katika familia ya Myrmeleontidae. Chakula chake ni sisimizi na wadudu wengine wadogo. Anapochimba hutembea kinyumenyume kwa kuzunguka, huku akitumia kichwa chake kilicho bapa kama beleshi kuutupa mchanga nje. Kazi ikiisha hujizika chini kabisa, akaacha mataya yake tu yakiwa wazi. Mataya hayo yana mifereji ndani yake. Kwa njia hiyo humtia windo lake majimaji ya kuyeyusha nyama, kisha hufyonza. Ajabu nyingine ni kwamba njia yake ya chakula imezibwa kwa nyuma: uchafu mgumu hukaa tumboni mwake muda wote wa ubuu, na hutolewa tu baada ya yeye kuwa mdudu kamili.

Mwanafunzi wa sekondari atatambua upesi kwamba shimo hili ni somo la fizikia. Mchanga mkavu ukimwagwa hufanya lundo ambalo mteremko wake hauzidi kiasi fulani, aghalabu nyuzi 30 hadi 35, kwa kuwa msuguano baina ya punje hauwezi kuzuia zaidi ya hapo. Kuta za shimo la buu hukaribia mpaka huo huo. Kwa hiyo uzito mdogo wa sisimizi unatosha kuuvunja ukuta, naye huteremka pamoja na punje alizozikanyaga. Akijitahidi kupanda, buu humrushia mchanga kutoka chini na maporomoko huanza upya.

Lakini je, mambo haya yamfae mtoto wa miaka sita au saba? Wapo wanaosema sayansi ingoje mpaka mtoto ajue kusoma. Nchini Tanzania, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliweka uzito kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na sababu zake zinaeleweka: mtoto asiyejua kusoma hupotea katika masomo yote. Hata hivyo, kuhesabu mashimo ishirini chini ya upenu ni kuhesabu, na kumweleza mwenzako kilichotokea shimoni ni kuijenga ile lugha ambayo baadaye itaandikwa. Hoja ya kungoja ina udhaifu mkubwa zaidi: udadisi haungoji. Mtoto anayeambiwa kila siku anyamaze hujifunza kunyamaza, na akifika sekondari mwalimu wa baiolojia hushangaa kwamba darasa zima halina swali.

Suala hili si geni barani Afrika. Mwaka 1965 waelimishaji walikutana Kano, Nigeria, na huko ukaanza Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi wa Afrika, uliosaidiwa na wataalamu kutoka Marekani. Nchi zilizoshiriki zilikuwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana, Nigeria na Sierra Leone. Wenye mpango hawakuanza kwa kuagiza vifaa vya maabara. Miongoni mwa mada walizoziandikia vijitabu zilikuwemo mchanga mkavu, mchanga mnyevu, mbegu, mbu na ujenzi kwa kutumia nyasi. Na buu wa shimo la mchanga naye alipata kijitabu chake, ambacho jina lake lilimtaka msomaji amwulize mdudu mwenyewe.

Katika jina hilo umo msingi wa jambo lote. Jos Elstgeest, Mholanzi aliyefundisha walimu nchini Tanzania, alilifafanua baadaye katika kitabu cha mwaka 1985 kilichohaririwa na Wynne Harlen. Alitofautisha maswali yanayompeleka mtoto kitabuni kutafuta maneno na maswali yanayompeleka kwenye kitu chenyewe. Mwalimu akiuliza, “Kwa nini mdudu huyu huchimba shimo?” mtoto hutazama uso wa mwalimu, kwa maana huko ndiko jibu liliko. Lakini akiuliza, “Ana miguu mingapi? Huenda upande gani? Itakuwaje tukimweka juu ya mchanga mnyevu?” mtoto hutazama mdudu. Swali la “kwa nini” si baya. Ubaya wake ni kuletwa mapema mno, kabla mtoto hajaona cha kutosha kumwezesha kulijibu.

Gharama ya kupuuza swali la mwanafunzi inajulikana vyema Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa katika friji ungali moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia mjini Dar es Salaam, walichapisha habari hiyo, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu masharti na sababu zake. Mpemba hakukata tamaa kwa kuchekwa. Waliokata tamaa hawana majina katika vitabu.

Je, mafunzo ya namna hii huacha alama yoyote? Eleanor Duckworth alifanya tathmini ya mpango huo nchini Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1978. Hakuwapa watoto mtihani wa kuandika. Aliwapa vitu mbalimbali, akawaacha wavitumie watakavyo, kisha akaangalia walichokifanya. Watoto waliokuwa wamepitia mpango walibuni mambo mengi zaidi, na yaliyo tata zaidi, kuliko wenzao. Kipimo hicho kinastahili kufikiriwa na kila mwalimu aliyezoea kusahihisha kwa alama ya vema na ya kosa.

Haifai kujificha kwamba kazi hii ni ngumu. Darasa lenye watoto wengi haliwezi kuchutama lote kwenye upenu mmoja. Walimu waliofanikiwa hugawa vikundi, na kila kikundi hupewa kopo pana au bakuli kuukuu lenye mchanga mkavu uliochekechwa, na buu mmoja. Kopo moja laweza kutiwa mchanga laini, jingine changarawe, jingine mchanga uliolowa, ili watoto waone ni wapi shimo litachimbwa na ni wapi halitachimbwa. Mabuu wawili wakiwekwa karibu mno huweza kulana. Watoto wanapaswa kulijua hilo kabla, la sivyo patakuwa na vilio. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu atakayechungulia dirishani ajue kwamba si za utoro.

Wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu wanaweza kusaidia kwa kupima mwinamo wa mashimo kwa kipimapembe cha karatasi ngumu, na kuulinganisha na ule wa lundo la mchanga huo huo uliomwagwa mezani. Yafaa wapime mashimo ya wanyama wakubwa na wadogo, kisha waseme kama ukubwa wa shimo hubadilisha mwinamo wake.

Buu akilishwa sisimizi mmoja mmoja huishi koponi kwa muda mrefu. Ubuu wake waweza kuchukua hata zaidi ya mwaka mmoja, kutegemea chakula. Siku moja shimo huachwa bila kutengenezwa. Chini ya mchanga pana kifukofuko cha duara, kimefumwa kwa hariri na kufunikwa punje za mchanga, na ndani yake mna pupa. Kopo lifunikwe kwa kipande cha chandarua, na kijiti kisimamishwe ndani yake, kwani mdudu anayetoka huhitaji mahali pa kupanda ili akunjue mabawa. Hufanana na kereng'ende, ila papasi zake ni ndefu zaidi na ncha zake zimevimba. Kwa kawaida huruka usiku, hivyo darasa liwe tayari kumkuta asubuhi ametulia juu ya kijiti, na kumwachia huru jioni.