Kondoo wa Kuzaa Wasiotakiwa Tena: Wauzwe Wapi na kwa Njia Gani?

Mwenye kundi la kondoo katika nchi ya Molo, Njoro, Mau Narok au Gilgil anajua kwamba kundi haliwezi kukua bila mwisho. Majani ni yale yale, na shamba ni lile lile, lakini kila majike wazaapo vinywa vya kulishwa huongezeka. Kwa hiyo kila mwaka sharti baadhi ya kondoo waondoke. Kuuza si shida, maana mnunuzi hakosi kupita njiani. Shida ni kujua ni nani aondoke, na aende kwa mnunuzi gani. Kondoo akiuzwa mahali pasipomfaa, mwenyewe hupoteza fedha ambazo pengine zingelipa karo ya mtoto, au zingenunua dawa ya minyoo ya kundi zima.

Majike wasiotakiwa ni wa namna mbili, na watu wengi huwachanganya. Namna ya kwanza ni wale wenye ila. Mfungue kondoo kinywa utazame meno ya mbele. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na umri wa mwaka mmoja au kupita kidogo, na jozi ya nne hutimia karibu na miaka minne. Baada ya hapo meno huanza kuachana, kuvunjika na kung'oka, na kondoo kibogoyo hawezi kukata majani mafupi ya kiangazi. Kisha shika kiwele kwa mikono miwili. Ukikuta uvimbe mgumu au chuchu iliyoziba, ujue kwamba mwana-kondoo atakayezaliwa atalala na njaa, na ikiwa ni mapacha mmoja huenda akafa. Jike aliyewahi kutokwa na kizazi, na yule aliyekaa na dume mzima misimu miwili bila kushika mimba, nao hawana kazi katika kundi.

Namna ya pili ni wale wasio na ila yo yote, bali wamezidi tu. Hawa ni mali ya kuzalisha, na kuwapeleka kwa mchinjaji ni hasara.

Lakini kabla ya kumhukumu kondoo kwa sababu amekonda, mfugaji wa Nakuru anayo sababu ya pekee ya kungoja kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alifuga kondoo wengi Njoro, nao wakadhoofika na kufa juu ya majani mabichi, hata akahamishia ufugaji wake Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu nyingi za huku, uliotokana na majivu ya volkano, una upungufu wa madini ya kobalti, ambayo vijidudu vya tumboni mwa kondoo huyahitaji ili kutengeneza vitamini B12. Ugonjwa huo hata ukapewa jina la Nakuru katika vitabu vya madaktari wa wanyama. Kondoo wa namna hiyo hana haja ya kuuzwa. Ana haja ya chumvi yenye madini hayo. Mwulize afisa wa mifugo kwanza, maana minyoo nayo hukondesha vivyo hivyo.

Tena wako wanaofanya haraka kuwauza kondoo wekundu wa Kimasai kwa kuwa ni wadogo, ili kundi zima liwe la Dorper, kondoo waliotokezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. Dorper ana nyama nyingi, hilo ni kweli. Lakini mwekundu hustahimili minyoo kuliko yeye, na mtu akiwamaliza wote atailipa tofauti hiyo katika duka la dawa.

Kwa upande wa madume, jambo la kuangalia ni udugu. Baada ya miaka miwili hivi dume hukuta binti zake wamekomaa katika kundi lile lile. Ikiwa amezalisha vizuri, njia bora ni kubadilishana na jirani wa mbali, au kumwuza kwa mfugaji mwingine kwa bei ya dume wa mbegu. Mnunuzi wa namna hiyo hanunui mwili tu, hununua na habari zake: alizaliwa lini, mama yake alizaa mapacha mara ngapi. Asiye na daftari hana cha kumwonyesha. Kwa kondoo wa ukoo safi kuna kitabu cha usajili cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1920.

Wenye ila waende kwa mchinjaji, na mwenyewe aseme wazi kwamba ni wa kuchinjwa. Kumwuzia jirani jike tasa kwa jina la mzazi ni wizi. Ila kwanza hakikisha kwamba hana mimba: kondoo huchukua mimba siku kama 150, na anayeuza jike aliyekaa na dume pengine hutoa wana wake bure. Soma pia chupa ya dawa, maana kila dawa ina siku zake za kungoja kabla nyama haijaliwa.

Usikubali kukadiriwa kwa macho. Jike mzee wa kilo 40 hutoa nyama kilo 16 hadi 18 hivi. Zidisha kilo hizo kwa bei anayonunulia mwenye bucha, ndipo uzungumze na mchuuzi aliyekuja mlangoni. Ikiwa mnada unalipa zaidi, ondoa kwanza nauli ya gari na ushuru wa soko. Kwa kondoo mmoja faida huliwa na gari; majirani watano wakikodi moja hesabu hugeuka. Cheti cha ruhusa ya kusafirisha mifugo hutolewa na afisa wa mifugo, naye hakitoi wakati nchi imefungwa kwa ugonjwa wa midomo na miguu.

Juu ya majira, wiki za kufungua shule ni mbaya, kwa kuwa kila mzazi huuza siku moja. Krismasi ni njema. Kwa Idi ya kuchinja hutakiwa kondoo wasio vipofu, viwete wala waliokonda sana, na madume wenye afya hupendwa. Sikukuu hiyo hutangulia siku kama 11 kila mwaka, basi itazame katika kalenda mapema. Kondoo aliyekosa mnunuzi mnadani asirudishwe kundini siku hiyo, bali atengwe peke yake majuma matatu.