Waya Mbili Zinazoendesha Gari

Kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye kilima chenye utelezi na gari la kisasa linaweza kukugomea. Badala ya kunguruma, injini inajipunguza nguvu, kitaa chenye picha ya gari linaloserereka kinamweka kwenye dashibodi, na gari linapanda taratibu. Mguu wako ulipeleka ombi tu, na ombi hilo limekataliwa.

Zamani lisingekataliwa. Pedali ilivuta kebo ya chuma, na kebo ikafungua kipepeo kinachoingiza hewa kwenye injini. Siku hizi kebo haipo. Pedali ina sensa mbili zinazopima kitu kilekile, ili moja ikidanganya nyingine iiumbue. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, inasoma volti za sensa hizo, inaamua, kisha inazungusha mota ndogo iliyoshika kipepeo. Ili kupunguza nguvu ya mota, transista zake zinawasha na kukata umeme wa betri mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Vipindi vya kuwaka vikirefuka, mota inavuta kwa nguvu, vikifupika, inalegea. Umeme ukikatika kabisa, springi hurudisha kipepeo kwenye upenyo mdogo, na gari linaweza kujikokota hadi gereji.

Lakini boksi la injini halijui kama matairi yanateleza. Anayejua ni boksi la breki, lenye sensa kwenye kila gurudumu, na halina budi kuliambia lile la injini. Taa, usukani, giaboksi na mikoba ya hewa navyo vina maboksi yao, na kila moja lingevutiwa waya wake kwenda kwa kila mwenzake, gari lingejaa shaba. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1983, na Februari 1986, mjini Detroit, ikatangaza mfumo uitwao CAN. Mercedes-Benz S-Class ya mwaka 1991 ndiyo iliyotangulia kuutumia barabarani. Mfumo wenyewe ni waya mbili zilizosokotwa pamoja, na maboksi yote yamechomekwa humohumo.

Katika waya hizo hakuna bosi. Ujumbe haumtaji mpokeaji. Unabeba namba inayoeleza habari yake, na anayeihitaji anaichukua. Kasi ya magurudumu hutangazwa mara moja: dashibodi inaisoma, giaboksi inaisoma, hata redio inayojiongeza sauti gari likikimbia.

Je, wawili wakianza kusema kwa pamoja? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi wale. Waya zikiwa zimetulia, zote mbili zina volti 2.5 hivi. Boksi linalotuma sifuri linazitenganisha: moja inapanda hadi 3.5, nyingine inashuka hadi 1.5. Linalotuma moja linaziacha zilivyo. Kwa hiyo sifuri na moja vikikutana, sifuri hushinda, na kila boksi husikiliza waya huku likituma. Chukua ujumbe namba 100 na namba 200. Kwa biti 11, wa kwanza unaanza 0000 na wa pili 0001. Biti tatu zinapita bila yeyote kumhisi mwenzake. Kwenye biti ya nne, mwenye 200 anatuma moja, anasoma sifuri, anajua yupo mkubwa wake, ananyamaza. Mwenye 100 anaendelea bila hata kujua kwamba alishindaniwa, na ujumbe wake haukuharibika wala haukurudiwa. Kwa sababu hiyo habari za haraka, kama za breki, hupewa namba ndogo. Kwa mwendo wa biti 500,000 kwa sekunde, ujumbe mzima humalizika kwa kama robo ya milisekunde. Gari la kilomita 100 kwa saa huwa halijasogea hata sentimita moja.

Boksi linalokosea kila mara hujihesabia makosa. Kila linaposhindwa kutuma vizuri, hesabu yake hupanda kwa 8. Kila linapofaulu, hushuka kwa 1. Ikivuka 255, linajitoa lenyewe ili wenzake waendelee. Wanadamu wachache wana ustaarabu huo.

Kwenye waya hizo ndipo pia gereji nyingi zinapomgharimu mteja. Waya ukichubuka chini ya zulia, mashine ya kupimia gari inaweza kuorodhesha hitilafu za usukani, breki na giaboksi kwa mkupuo, na fundi mwenye pupa ataagiza kontroli boksi jipya. Mwenye subira huanza na mita yake. Kila ncha ya waya hizo ina rezista ya omu 120, inayozuia mawimbi yasigonge mwisho na kurudi. Kwa hiyo, betri ikiwa imetolewa, magari mengi husoma omu 60 kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi, inapochomekwa mashine ile. Ukisoma 120, kuna rezista moja haisikiki, na huenda waya umekatika mahali.

Mfumo huu una imani kupita kiasi. Ujumbe hautaji aliyeutuma, hivyo yeyote aliyeshika waya huaminiwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu wakiwa mbali, wakaizima nguvu ikiwa kwenye barabara kuu. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Wezi wa Uingereza hawakuhitaji mtandao. Walibandua bampa la Toyota RAV4, wakafikia waya za taa ya mbele, na kutoka hapo wakatuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo halali upo.

Kutia sahihi kwenye ujumbe kungesaidia, ila CAN ya awali inabeba baiti 8 tu za habari, na sahihi ingezimeza karibu zote. Toleo la mwaka 2012, CAN FD, linabeba hadi 64. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam bado yanazungumza ile ya baiti 8.