Kupiga Picha za Wanyama Katika Theluji

Wengi wetu katika shule hii hatujapata kukanyaga theluji. Tumeiona kwa mbali tu juu ya Kilimanjaro, au katika vitabu vya Jiografia. Lakini ziko nchi ambazo ardhi yake hufunikwa nayo kwa miezi kadhaa ya mwaka, na wako watu waendao huko kupiga picha za wanyama. Jambo hili nimejifunza katika Chama chetu cha Picha, nami napenda kuwaeleza wasomaji, kwani kazi hiyo si rahisi kama mtu awezavyo kudhani.

Nachukua mfano wa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1872. Humo wamo baisoni, yaani nyati wa nchi ile, ambao dume lao laweza kufikia kilo 900. Theluji ikifunika nyasi, baisoni huinamisha kichwa chake kikubwa na kukipeleka huku na huku, akiifagia mpaka ayafikie majani.

Shida ya kwanza ni nuru. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera hudhani kuwa kila kinachopigwa picha si cheupe sana wala si cheusi sana. Kikikuta weupe mtupu, huona nuru imezidi, nacho huipunguza. Basi theluji hutoka rangi ya majivu, na mnyama huwa mweusi asionekane vizuri. Nilijaribu mwenyewe kwa shuka nyeupe iliyoanikwa juani nyuma ya bweni. Ilipojaza picha nzima, ilitoka kama shuka isiyofuliwa muhula mzima! Dawa yake ni kuongeza nuru, mara mbili hadi mara nne ya ile iliyopimwa.

Shida ya pili ni baridi. Betri hupoteza nguvu upesi, kwa hiyo mpiga picha huweka nyingine katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Tena, kamera iliyopoa ikiingizwa katika nyumba yenye joto hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa katika friji, na maji hayo yaweza kuiharibu. Hivyo huifunga kwanza ndani ya mfuko wa plastiki, na kuiacha humo mpaka ipate joto polepole.

Shida ya tatu, nami naiona kubwa kuliko zote, ni usalama wa mnyama mwenyewe. Wakati wa baridi majani ni haba, na baisoni hutegemea pia mafuta aliyoyaweka mwilini tangu majira ya joto. Kila hatua katika theluji nene hula akiba hiyo. Mtu akimsogelea hata akakimbia, amemtoza mali asiyoweza kuirudisha kabla nyasi mpya hazijaota, na mnyama dhaifu aweza kufa kwa hasara hiyo. Naye baisoni akikasirika humshambulia mtu. Ndiyo maana sheria ya hifadhi ile humtaka mgeni akae angalau mita 23 mbali na baisoni, na mita 91 mbali na dubu. Mpiga picha mwema hutumia lenzi ndefu, hukaa kimya, na kungoja.

Kwa maoni yangu, picha ni njema ikiwa mnyama aliendelea kula kana kwamba hapana mtu. Kanuni hiyo haihitaji theluji. Twaweza kuianza hapa hapa, kwa ndege walio viotani katika miti ya shule yetu.